Mtende Unaolazwa Kila Novemba

Jumamosi, siku moja baada ya Navruz, sikukuu ya mwaka mpya wa machipuko, Machi 2008, saa mbili asubuhi, kuti la katikati la mtende wa jirani yangu Zulhumor lilichomoka mkononi mwangu. Sikulivuta. Nilikuwa nimelishika kwa vidole viwili ili nilitazame upande wa chini, likaja lote. Tako lake lilikuwa la kahawia, laini, na lilinuka kama kabichi iliyosahauliwa kwenye pipa.

Zulhumor alisimama ng'ambo ya shina, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni. Nyuma yake mwanawe Qobiljon alikuwa ameegemea jembe. Fundi Nabi, mwashi, alikaa juu ya rundo la mashina makavu ya pamba akinywa chai. Yeye hakuja kwa ajili ya mtende; alikuja kupima mahali pa kujenga chumba.

"Limeoza," nikasema.

"Kuti au mti?" Zulhumor akauliza.

"Kuti. Mti bado sijui."

"Basi jua, Rauf. Ndicho nilichokuitia."

"Mwalimu, hata mimi nisiyesoma nimeshajua," alisema Fundi Nabi. "Pua imeniambia."

"Pua yako ni ya kunywea chai," Zulhumor akamjibu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Qobiljon alikuwa anaoa mwezi wa tano. Ni kitinda mimba, kwa hiyo kwa desturi yetu nyumba na mama ni vyake, na bibi arusi alikuwa anakuja kukaa hapo hapo uani. Chumba cha maharusi kilikuwa lazima kijengwe. Ua ule una sehemu mbili tu za kutosha chumba: kwenye ukuta unaopata jua la kusini, ambako mtende uko, na upande wa lango, ambako kuna banda la ng'ombe. Kabla sijafika, Zulhumor alikuwa amekwisha kutamka mbele ya wote wawili: mti ukiwa umekufa, ataukata mwenyewe na chumba kitajengwa hapo. Ukiwa hai, banda litavunjwa. Fundi Nabi alipaswa kuanza Jumatatu, kwa kuwa baada ya kazi hiyo alikuwa na nyingine mjini Marg'ilon. Wa kusema kama mti u hai nilikuwa mimi, kwa sababu nafundisha baiolojia na kwa sababu nina kaktasi.

Kaktasi zangu ziko nje, chini ya ukuta wa nyumba, majira yote. Nyingi ni mipungate mifupi. Wakati wa vuli nakata maji, nayo hunywea, hukunjamana na kulala chini kama mikate iliyokanyagwa, na kila mwaka jirani fulani hunipa pole. Juu yake naweka vioo vya dirisha vilivyokaa juu ya matofali, pande zote wazi. Upepo unapita, baridi inaingia, mvua na theluji haviingii. Januari ile baridi ilishuka nyuzi ishirini chini ya sifuri na ikakaa huko. Chini ya vioo haukufa hata mmoja. Mmoja niliokuwa nimeufunika kwa gunia kwa kuuonea huruma, kwa vile ulikuwa mdogo, niliukuta umekuwa uji. Tangu hapo sifuniki mmea wowote kwa huruma.

Mtende huo ulikuwa habari nyingine. Hamidulla, marehemu mume wa Zulhumor, aliuleta kutoka Batumi, Bahari Nyeusi, ndani ya buti lake, mwaka aliozaliwa Qobiljon. Ni aina yenye majani kama kipepeo cha kujipepea, shina limevaa manyoya ya kahawia, na hauzai tende, jambo ambalo wapita njia hawachoki kuuliza. Hamidulla alikuwa mtu wa makomamanga, kama watu wote wa mji wetu, Quva, na hakuna mtu wa Quva anayeotesha mkomamanga wima. Mkomamanga hupandwa umeinama, ili kila Novemba ulazwe na kufukiwa udongo, na kila Machi ufukuliwe. Basi na mtende aliupanda umeinama. Kila Novemba walichimba mizizi ya upande mmoja, wakausukuma ukalala handakini, wakauwekea mashina ya pamba, kisha udongo juu. Kila kiangazi mti ulijaribu kusimama, kila vuli ukalazwa tena. Matokeo yake shina limepinda kama kiwiko, na kichwa chake, mti wa miaka ishirini na sita, kinamfikia mtu kiunoni ukiinuliwa; asubuhi ile ulikuwa bado umelala handakini, kichwa tu kimeelekea juu. Nimesoma habari za mitende inayostahimili baridi kila nilipozipata. Mtende unaolazwa kitandani sijausoma popote.

"Mwalimu, mimi na mama hatuna sababu ya kugombana," alisema Qobiljon. Ni fundi wa televisheni, kijana mpole, anayezungumza kama mtu anayeshika waya bila kujua kama una umeme. "Tukate hapa chini, usawa wa ardhi. Chumba nakijenga umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kisiki. Ikifika Juni unachipua kutoka mizizini. Mama ana mti wake, mimi nina chumba changu."

Msumeno ulikuwa tayari, umeegemezwa ukutani.

Hakuwa na hila. Mwaka ule Quva nzima ilikuwa inanguruma kwa misumeno. Baridi ilikuwa imeingia mpaka chini ya udongo, na mikomamanga iliyoungua ilikuwa inakatwa chini kabisa, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba kufikia Juni mzizi utatoa machipukizi manene kama vidole. Zulhumor mwenyewe alikuwa amekwisha kukata mikomamanga sita wiki hiyo.

"Nilikuwa nimemwambia labda tufanye hivyo," alisema Zulhumor. "Kabla hujaingia."

"Mkomamanga una macho mwili mzima," nikasema. "Ukiukata popote, jicho la karibu linaamka. Huu una jicho moja tu, na liko humu, ndani ya kichwa. Kila jani ulilowahi kuliona limetoka hapo. Ukikata chini yake, unabaki na gogo."

"Jicho moja?" Fundi Nabi akainua kichwa. "Hata la akiba hakuna?"

"Hakuna."

"Ajabu. Mimi hata penseli natembea nazo mbili."

"Na zote huwa umezipoteza," alisema Zulhumor, lakini alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anamtazama mwanawe. "Novemba nani alikuwa upande wa kichwa?"

"Tulifukia wote, mama."

"Najua tulifukia wote. Nauliza nani alikuwa upande wa kichwa."

"Mimi."

"Na wakati huo posa yako ilikuwa imeshapelekwa."

Qobiljon aliliweka jembe chini taratibu. "Unasema nimeuua?"

"Nasema ulikuwa upande wa kichwa."

Fundi Nabi alianza kuchunguza sehemu ya ndani ya kikombe chake. Mimi niliinama nikatazama majani. Hilo ningelifanya hata kama wasingekuwa wanagombana.

Majani ya nje, yale ya zamani, yalikuwa mabichi, yamebanwa na udongo lakini mabichi. Hii haikulingana na baridi. Baridi huanza nje: huunguza ncha za majani makubwa, kisha majani yenyewe, na moyo huwa wa mwisho. Hapa moyo ulioza na majani ya nje yalikuwa salama. Haikulingana pia na mtu aliyeweka udongo haba makusudi, kwani udongo haba ungeruhusu baridi, na baridi ingeanza nje. Kilichooza kilikuwa kimeloweshwa.

"Kila kilichotoka handakini kiko wapi?" nikauliza.

Kilikuwa pale pale. Mashina ya pamba, ambayo Fundi Nabi alilazimika kuinuka ili niyapekue. Mkeka wa matete. Magunia mawili, makavu kiasi. Na chini ya magunia, kipande cha nailoni, ile ya kufunikia mbegu za pamba shambani, chenye kamba imekatwa kwa kisu. Upande wake wa ndani bado ulikuwa na matone.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Kichwani," alisema Qobiljon. "Niliikata leo asubuhi nilipofika kwenye kichwa. Lakini Novemba haikuwepo. Mimi niliweka magunia tu."

"Nani aliifunga?"

Zulhumor aliichukua nailoni mkononi mwangu, akaigeuza, akatazama fundo lililobaki kwenye kamba. Ni fundo la kufungia kuku miguu. Wanawake wa mtaa wetu wote hulifunga.

"Mimi," alisema.

Ilikuwa katikati ya Januari, akaeleza. Televisheni ilisema baridi itaendelea. Qobiljon alikuwa kazini. Alifukua udongo upande wa kichwa kwa mikono, akavisha nailoni, akaikaza, akafukia tena. "Nilitaka upepo usiingie."

"Mti hutoa maji hata ukiwa umelala," nikasema. "Kama mtu anavyopumua kwenye kioo. Maji yaligonga nailoni, yakarudi, yakadondokea kwenye moyo. Wiki nane, tisa."

Aliikunja nailoni ikawa ndogo, akaitia mfukoni mwa aproni. Kisha akamwambia mwanawe, "Mimina chai nyingine, hii ya fundi imepoa. Na wewe unywe. Tangu asubuhi hujanywa kitu."

Qobiljon akamimina. Mambo ya nani alikuwa upande wa kichwa hayakutajwa tena siku hiyo.

Lililobaki ni swali lenyewe. Uozo ulikuwa unashuka kutoka juu. Jicho la mti lilikuwa mahali fulani chini yake. Ama uozo ulikuwa umelifikia, ama bado. Njia ya kujua ni moja: kukata kichwa vipande vyembamba kutoka juu, kila kipande kikitazamwa, mpaka ifikiwe nyama nyeupe. Ukiacha kabla ya nyeupe, uozo unaendelea na mti unakufa. Ukipitiliza, umelikata jicho, na mti unakufa.

"Jicho liko umbali gani kutoka juu?" Zulhumor akauliza.

"Sijui."

"Kwa kukadiria."

"Mtende uliosimama, ningekadiria. Huu umelazwa mara ishirini na sita. Ndani umejipinda vipi, sijui."

"Miaka mitano ya chuo Tashkent, wazazi wako wanakutumia mchele na mafuta, halafu unakuja kuniambia hujui."

"Nilijifunza kusema sijui mwaka wa tatu, dada. Kabla ya hapo nilikuwa nasema chochote."

Fundi Nabi alicheka peke yake. Zulhumor aliutazama mti, akanitazama mimi, akamtazama mwanawe.

"Kata," alisema.

Nilichukua msumeno, nikaufuta kwa spiriti. Kipande cha kwanza, unene wa vidole vitatu, kilikuwa tope tupu la kahawia katikati, na vikonyo vya majani pembeni. Cha pili, katikati tope, pembeni mwa tope duara la rangi ya maziwa. Fundi Nabi alikuwa ameacha chai na kuchuchumaa karibu yangu.

"Kama kitunguu," alisema. "Magamba ndani ya magamba."

"Ni majani ambayo hayajazaliwa. Moja ndani ya jingine."

"Yote haya?" Qobiljon naye akachuchumaa. "Haya ya ndani yangetoka lini?"

"Haya ya katikati, mwakani au baadaye."

"Yameshaumbwa tayari?"

"Yameshaumbwa."

Alikichukua kipande cha pili akakichokoa kidogo kwa ukucha, akafungua gamba moja. Lilikuwa na mikunjo, kama kipepeo cha kujipepea cha karatasi ambacho bado hakijafunguliwa. Alilishika mbele ya jua kwa muda. Mtu huyu alikuwa na sababu zote za kutaka mti ufe, na nilimwona akilifungua gamba la pili ili aone kama nalo lina mikunjo.

Kipande cha tatu nilikikata chembamba zaidi. Nyama ilikuwa nyeupe, imara, inatoa maji safi, isipokuwa katikati, palipokuwa na doa la kahawia la ukubwa wa punje ya njegere. Hapo nilisimama. Doa linaweza kuwa mwisho wa uozo, na linaweza kuwa mdomo wa shimo la uozo. Kipande kingine kingelijibu swali na pengine kuua mti kwa jibu hilo hilo.

"Mbona umesimama?" Zulhumor akauliza.

"Nipe kijiko kidogo."

Nilikwangua doa badala ya kukata. Kijiko kilitoa kahawia, kisha kahawia hafifu, kisha nyeupe, kina cha ukucha. Qobiljon alikuwa amekwenda duka la dawa kwa baiskeli na kurudi na ile dawa ya vidonda inayotoa povu. Niliimwaga. Iliumuka kwa fujo, nikaikausha kwa kitambaa, nikamwaga tena, ikaumuka kidogo, mara ya tatu ikatulia. Pembeni nilipaka mrututu na chokaa, ule ule wanaopigia mizabibu.

"Sasa?" alisema Zulhumor.

"Sasa tunangoja. Kama jicho lipo na liko hai, litasukuma. Yale magamba ya katikati yatapanda juu ya haya ya pembeni."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Hali ya hewa bado ya baridi. Unene wa kiberiti, pengine chini ya hapo."

"Unene wa kiberiti utauonaje kwa macho hayo?" aliuliza Fundi Nabi, kwa kuwa navaa miwani. Hakungoja jibu. Alikwenda kwenye mfuko wake, akarudi na pimamaji, akailaza juu ya kichwa kilichobaki kama kisiki, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Ilikaa barabara, imegusa pande zote mbili, na katikati kulikuwa na uwazi ambao karatasi ingepita. "Ikianza kucheza," alisema, "kitu kimepanda. Chombo hiki hakijawahi kunidanganya, kinyume na wenye nyumba."

Makubaliano yalibaki yale yale: mpaka Jumatatu asubuhi.

Mawingu yalikuwa yanakuja. Nilikwenda nyumbani nikatoa kioo kimoja kwenye kaktasi zangu, nikakiinamisha juu ya kisiki kwa matofali manne, pande zote wazi. Mipungate iliyobaki wazi ikanyeshewa usiku ule.

Jumapili mvua iliendelea mpaka mchana. Saa tano nilifika kwa Zulhumor nikamkuta Fundi Nabi uani, koti limelowa.

"Nilikuwa napita," alisema. Anaishi upande wa pili wa Quva.

Pimamaji ilikaa barabara. Uwazi ulikuwepo, ingawa karatasi ilipita kwa shida zaidi kidogo kuliko jana, au ndivyo alivyosema Fundi Nabi. Mimi niliipitisha mara mbili na sikuona tofauti ambayo ningeweza kuiapia. Nyama ilikuwa bado nyeupe na haikunuka.

"Kwa hiyo umekufa," alisema Qobiljon. Hakulisema kwa furaha. Alisema kama mtu anayeuliza.

"Kwa hiyo ni Jumapili," nikamjibu.

Jumatatu jua lilitoka mapema. Nilipoingia, lori la matofali lilikuwa limesimama langoni, na dereva alikuwa nusu mwili nje ya dirisha.

"Namwaga wapi, bwana harusi? Kulia au kushoto? Nina safari nyingine."

"Subiri kidogo, kaka."

"Kidogo hicho umekisema mara tatu."

Fundi Nabi alikuwa amepiga magoti mbele ya kisiki. Aliilaza pimamaji, akaigusa ncha moja kwa kidole. Ikacheza. Akaigusa ncha nyingine, ikacheza upande ule. Ilikuwa imekaa juu ya kitu cha katikati.

"Imepanda," alisema. Kisha akarudia kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja kipimo, "Imepanda."

Zulhumor alikuwa amekuja na kusimama nyuma yetu. Alishika ncha ya kitambaa cha kichwani na hakuachia.

"Kuni zikilowa huvimba," alisema Qobiljon. "Jana mvua imenyesha mpaka mchana. Kioo kinazuia maji, unyevu hakizuii. Sisemi umekufa. Nasema kuni zikilowa huvimba."

"Ni kweli," nikasema.

"Rauf," alisema Zulhumor.

"Ni kweli, dada. Nyama iliyokufa nayo huvimba. Kama ningekuwa mimi ndiye ninayevunja banda, ningeuliza hilo hilo."

"Sasa utajuaje?"

Nilimwomba Fundi Nabi penseli. Alikuwa nayo moja. Nikachora mstari mmoja mwembamba juu ya kisiki, kutoka ukingo, kupitia magamba yote, kupitia katikati, mpaka ukingo wa pili. "Ukivimba, unavimba wote pamoja," nikasema. "Mstari utabaki mzima, pengine utapinda. Ukikua, kila gamba linasukumwa peke yake, la ndani zaidi ya la nje. Mstari utakatika."

"Lini?"

"Kesho asubuhi."

"Tulisema leo," alisema Qobiljon.

"Mlisema leo. Leo siwezi kusema u hai wala umekufa. Nikisema lolote kati ya hayo leo, nitakuwa namdanganya mmoja wenu."

Dereva alipiga honi. Qobiljon alimgeukia Fundi Nabi. "Fundi, wewe una kazi Marg'ilon. Nikikupotezea siku moja?"

Fundi Nabi alikuwa bado amepiga magoti, uso karibu na mstari wa penseli. "Marg'ilon haihami," alisema. "Na nikienda leo bila kuona huu mstari umefanya nini, nitajenga kuta zote za watu zimepinda."

Qobiljon alisimama katikati ya ua, akatazama ukuta wa kusini, akatazama banda. Bibi arusi alikuwa ameahidiwa chumba chenye jua. Sisi sote tulilijua hilo, na mama wa bibi arusi alikuwa amelikumbusha mara nyingi. Kisha akaenda langoni.

"Mwaga nje, kaka. Njiani."

"Njiani? Watu watapitaje?"

"Watazunguka. Ni siku moja."

Dereva alimwaga matofali njiani, akisema mambo kuhusu watu wa Quva ambayo si lazima niyaandike.

Jumanne nilikwenda mapema kuliko nilivyokusudia, na sikuwa wa kwanza. Wote watatu walikuwa wameshazunguka kisiki, na kioo kilikuwa kimewekwa kando kwa uangalifu. Hakuna aliyekuwa amekigusa kisiki. Walikuwa wananingoja.

Mstari ulikuwa umekatika. Kwenye ukingo ulikuwa mahali pake. Kwenye gamba la kwanza ulikuwa umepanda kidogo, kwenye la pili zaidi, na katikati kulikuwa na kipande kifupi cha penseli kimesimama juu kuliko vyote, kama ngazi iliyochorwa na mtu mwenye mkono mwepesi. Unene wa kiberiti, na zaidi kidogo. Kingo za magamba ya katikati, ambazo Jumamosi zilikuwa nyeupe, zilikuwa na rangi ya kijani, ile ya kiini cha njugu ya pistachio. Kitu kilichokufa hakipati kijani.

Nililala kifudifudi nikatazama kwa upande, kwa kioo cha kukuzia cha shule. Mikunjo ilionekana.

"Sema basi," alisema Zulhumor.

"Uko hai."

"Una hakika?"

"Nina hakika kwamba leo asubuhi unakua. Kama mwakani utakuwepo, sijui. Majani ya kwanza yatatoka yamekatwa ncha, kwa kuwa tulizikata. Msishangae. Na nailoni, dada, kamwe."

"Nailoni nimeichoma jana."

Qobiljon alichukua kioo cha kukuzia mkononi mwangu, akalala pale nilipokuwa nimelala. Alikaa hapo muda mrefu.

"Sasa hili la katikati," aliuliza kutoka chini, "ndilo lile ambalo lingetoka mwakani?"

"Ndilo. Limewahi."

"Na jicho lenyewe liko chini yake."

"Chini yake. Sikulifikia."

"Kwa umbali gani?"

"Sijui."

"Hata kwa kukadiria?" alisema Fundi Nabi, na Zulhumor akacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi.

Qobiljon aliinuka, akajipangusa magoti, akanirudishia kioo. Hakumtazama mama yake wala ukuta wa kusini. Alikwenda kuchukua ngazi.

Zulhumor alimtoa ng'ombe bandani, akamfunga njiani, kando ya matofali. Mimi nilikirudisha kioo cha dirisha mahali pake juu ya kisiki, nikapima uwazi wa pembeni kwa kiganja. Fundi Nabi alinyoosha kamba kutoka nguzo ya lango hadi pembe ya nyumba. Kabla ya saa nne Qobiljon alikuwa juu ya banda akishusha paa, bati la kwanza, kisha la pili, na fundi alikuwa chini akiyapokea.